Ngome ya Mvita na Mkulima wa Kwa Vonza

Katika kisiwa cha Mombasa, pale bahari inapoingia kwenye Bandari ya Kale, pana ngome kuu ya mawe ambayo kila ajaye kwa chombo huiona kabla ya kuuona mji wenyewe. Jina lake ni Fort Jesus, na wenyeji wa Mvita hupaita mahali hapo Ngomeni. Ilianza kujengwa mwaka wa 1593, nayo ingali imesimama. Wageni hutoka Ulaya, Marekani na Bara Hindi kuja kuitazama. Lakini wako watu wa Ukambani waliokaa Mombasa miaka kumi au ishirini, wakifanya kazi za bandarini, za afisini na za nyumbani, ambao huipita ngome hiyo kila siku wala hawajauvuka mlango wake hata mara moja.

Mmoja wao akiulizwa sababu, hujibu kwamba nyumba ile ni ya Wareno na Waarabu, nayo haimhusu mtu wa bara. Jibu hilo si la kudharauliwa. Mkulima wa Kwa Vonza, ambaye mwaka huu mvua humpa magunia machache na mwaka ujao humnyima hata debe moja, ana haki ya kuhesabu fedha zake kabla ya kulipa nauli ya kwenda kutazama mawe. Karo ya watoto yamngoja, na mbegu hazijanunuliwa. Akiuliza, "Ngome hiyo yanifaa nini?" yafaa ajibiwe kwa habari za kweli, wala si kwa maneno ya kusifu tu.

SAFARI YENYEWE

Kwa Vonza iko katika kaunti ya Kitui, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda mjini Kitui. Siku hizi watu wa mbali hupajua kwa sababu ya chuo kikuu kilichoko hapo, lakini wenyeji hupajua zaidi kwa jua lake na kwa uwanda wa Yatta ulio karibu. Atakaye kwenda Mombasa aweza kurudi kwa njia ya Machakos na kuishika barabara kuu, au aweza kupita mjini Kitui, kisha Mutomo na Ikutha, na kutokea Kibwezi. Njia hii ya pili zamani ilikuwa ya vumbi na mashimo, na sasa imetiwa lami. Hapo Kibwezi aweza kupanda basi, au gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017, likampitisha Mtito Andei, Voi na Mariakani mpaka mlangoni mwa Mombasa.

Akifika Mariakani, msafiri Mkamba asidhani kwamba yu ugenini kabisa. Wazee husema kwamba jina la mji huo latokana na mariaka, yaani podo za mishale, ambazo Wakamba walikuwa wakizichukua walipokuja pwani. Katika karne ya 19 njaa za Ukambani ziliwafukuza watu wengi wakashuka kutafuta chakula, na baadhi yao hawakurudi tena. Wajukuu wao wako mpaka leo katika nchi ya Rabai, Mariakani na Kinango, na lugha yao hawajaisahau.

JINSI ILIVYOJENGWA

Ngome yenyewe imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake zimejengwa kwa mawe hayo hayo. Aliyeichora ni Mtaliana wa mji wa Milan, jina lake Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa fundi mkuu wa majengo ya Wareno katika nchi za mashariki. Mafundi wa kuchonga mawe waliletwa kutoka Goa katika Bara Hindi, na vibarua walitolewa na mfalme wa Malindi, aliyekuwa rafiki wa Wareno. Mtu akiitazama kutoka juu, kama atazamavyo ndege, ataona umbo lake ni kama la mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini. Katika pembe zake ziko buruji nne, kila moja imewekwa hivi kwamba askari aliye juu yake aweza kuulinda ukuta wa buruji ya pili. Kwa hiyo adui hakupata mahali pa kujificha.

Sababu ya kuijenga ilikuwa hofu. Wareno walikuwa wakiitawala njia ya biashara ya kwenda Bara Hindi, na katika miaka ya 1585 na 1588 Mturuki mmoja, Mir Ali Bey, alikuja pwani hii na merikebu zake, akapokewa vizuri na miji mingi iliyochoshwa na Wareno. Mji wa Mombasa ulikuwa miongoni mwa miji hiyo. Wareno waliuadhibu vikali mwaka wa 1589, kisha wakaona kwamba hawawezi kuishika pwani bila ya nyumba ya nguvu.

KIJANA ALIYEFUNDISHWA GOA

Lakini kuta nene haziondoi chuki. Mwaka wa 1614 mfalme wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, aligombana na jemadari wa Wareno, akakimbilia bara, akauawa huko kwa hila yao. Mwanawe Yusuf, akiwa angali mtoto mdogo, alipelekwa Goa. Mapadre walimlea, wakambatiza kwa jina la Dom Jerónimo, wakamfundisha elimu ya Kireno. Alipokuwa mtu mzima alirudishwa Mombasa kutawala, na Wareno walifikiri kwamba wamepata mfalme atakayewatii.

Kijana huyo aliona jinsi jemadari alivyomdharau mbele ya watu wake, wala hakusahau jinsi baba yake alivyokufa. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1631 aliingia ngomeni pamoja na watu wake kama mtu aliyekuja kuzuru, akamwua jemadari kwa mkono wake, akaitwaa ngome. Wareno wengi wa mjini waliuawa, wanaume na wanawake, pamoja na wenyeji waliofuata dini yao. Wareno walipoleta merikebu kutoka Goa walishindwa kumtoa. Mwaka wa 1632 yeye mwenyewe aliiacha ngome, akaenda zake baharini, na Wareno wakairudia.

Juu ya mlango wa ngome liko jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka wa 1635. Yanamsifu jemadari Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeitengeneza ngome baada ya vita hivyo, na kutaja miji ya pwani aliyoiadhibu. Mgeni asimame kidogo mbele ya jiwe hilo kabla ya kuingia. Jina la aliyeamuru limeandikwa, bali majina ya walioyabeba mawe yale vichwani hayakuandikwa.

MIEZI THELATHINI NA MITATU

Habari kubwa kuliko zote za ngome hii ni ya kuzingirwa kwake. Mwezi wa Machi mwaka wa 1696 merikebu za Waarabu wa Omani zilifika Mombasa, wakaushika mji na kuizunguka ngome. Ndani walikuwamo askari wa Kireno wachache tu, hawakutimia mia moja, pamoja na watu wengi wa pwani waliokuwa upande wao. Watu wa Omani waliona kwamba kuzipanda kuta zile ni kazi ya kupoteza roho nyingi, wakaamua kungoja.

Basi ngome ile, ambayo mizinga haikuweza kuibomoa, ilianza kuliwa kutoka ndani. Chakula kilipungua. Kisima chao kilikuwa kirefu sana, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi. Maradhi yakaingia, na kila mwezi watu walizikwa. Ilipofika katikati ya mwaka wa 1697, Wareno wote waliokuwa wakiilinda walikuwa wamekufa. Ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mtu wa pwani, pamoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane Waafrika, na wanawake Waafrika wapata hamsini.

Msomaji na afikiri habari hiyo kwa makini. Ngome iliyojengwa kwa amri ya mfalme wa Ulaya, ikachorwa na fundi wa Milan, ilifika siku ambayo haikuwa na mlinzi wa Kizungu hata mmoja, na watu walioishika walikuwa wanawake wa Kiafrika na wanaume wachache sana. Ndio waliokesha juu ya kuta usiku, na kugawana maji kidogo yaliyosalia. Merikebu ya Wareno ilipofika mwezi wa Septemba, iliikuta bendera yao ingali inapepea. Lakini katika wanawake hao hamsini, hakuna hata mmoja ambaye jina lake limechongwa katika jiwe.

Merikebu nyingine iliyokuja kusaidia, jina lake Santo António de Tanná, ilizama mwaka huo wa 1697 karibu na ngome. Ililala chini ya maji muda wa miaka mia mbili na themanini, hata wataalamu walipoipigia mbizi kati ya mwaka wa 1977 na 1980 na kuvitoa vyombo vyake, ambavyo huonyeshwa katika nyumba ya makumbusho humo ngomeni. Mwisho ulikuja tarehe 13 Desemba 1698. Waliosalia ndani wenye nguvu ya kushika silaha walikuwa watu wachache wa kuhesabika kwa vidole. Watu wa Omani waliupanda ukuta, na ngome ikaanguka. Siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa zilitokea, zikaiona bendera ya wengine, zikageuka.

Kwa mtu wa Kwa Vonza habari hii si ngeni. Yeye ajua tangu utoto kwamba nyumba imara isiyo na ghala haimsaidii mtu, na kwamba birika linalochimbwa baada ya kiangazi kuanza halijai. Ndiyo sababu watu wa Kitui na Machakos wamejenga mabwawa ya mchanga katika mito mikavu, na matuta katika mashamba, ili mvua ya siku tatu iwatoshe miezi mitatu. Mgeni aingiapo ngomeni ataonyeshwa birika kubwa la kukusanya maji ya mvua.

BENDERA NYINGI, UKUTA MMOJA

Baada ya hapo ngome ilipita katika mikono mingi. Wareno waliirudia kwa muda mfupi mwaka wa 1728, wakafukuzwa mwaka wa 1729. Halafu jamaa ya Mazrui, waliokuwa maliwali wa Omani, waliitawala Mombasa kama nchi yao wenyewe. Mwaka wa 1824 walitaka ulinzi wa Waingereza, na bendera ya Uingereza ikapandishwa, lakini ilishushwa mwaka wa 1826. Mwaka wa 1837 Sayyid Said wa Omani na Unguja aliushika mji kabisa. Mwaka wa 1875 Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa akida wa askari humo, alimwasi Sultani wa Unguja, na manowari za Waingereza zikaipiga ngome mizinga mpaka akasalimu amri.

Kisha tangu mwaka wa 1895 mpaka mwaka wa 1958 serikali ya Waingereza iliifanya kuwa gereza. Neno hilo gereza, kama wasemavyo wajuzi wa lugha, lenyewe latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kwa miaka zaidi ya sitini kuta zile, zilizojengwa kuwazuia watu wasiingie, zilitumika kuwazuia watu wasitoke. Waafrika wa makabila mbalimbali walifungwa humo. Katika nyumba nyingi za Kenya wako wazee waliosikia habari za mjomba au babu aliyepelekwa Mombasa kufungwa, na habari hizo haziko katika kitabu chochote.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1958 ngome ilitangazwa kuwa mahali pa hifadhi. Fedha za kuichimba na kuitengeneza zilitolewa na wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, kazi ikasimamiwa na James Kirkman, na makumbusho yakafunguliwa mwaka wa 1960. Mwaka wa 2011 shirika la UNESCO liliiandika katika hesabu ya urithi wa dunia.

SEHEMU YA UKAMBANI

Sasa na lijibiwe swali la mkulima. Katika barabara kuu ya Mombasa, isiyo mbali na ngome, ziko pembe kubwa za madini zilizowekwa katika miaka ya 1950, na magari hupita chini yake. Wageni hupiga picha hapo. Lakini pembe za kweli, ambazo kwazo matajiri wa Mombasa walipata mali yao, zilitoka bara, na katika karne ya 19 nyingi zililetwa na misafara ya Wakamba. Watu hao walitembea kwa miguu majuma mengi katika nyika isiyo na maji, wakachukua pembe mabegani, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Aliyesifika sana katika biashara hiyo ni Kivoi wa Kitui, aliyeongoza misafara mikubwa, na jina lake lilijulikana pwani yote.

Mwaka wa 1849 Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyekaa Rabai, alisafiri mpaka Kitui akawa mgeni wa Kivoi. Huko, tarehe 3 Desemba, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji, akaliandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba, na kwa njia hiyo nchi nzima ikapata jina la Kenya. Mwaka wa 1851 alirudi, wakaenda pamoja kuelekea mto Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa. Krapf alikimbia peke yake, na kwa kuwa hakuwa na chombo, alitia maji ya mto katika mtutu wa bunduki yake ili apate kuishi njiani.

Tena kuna sehemu nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni chunguni. Mahindi na muhogo ni mimea ya Amerika, na wataalamu wasema kwamba Wareno ndio walioileta katika pwani ya Afrika. Basi mama wa Kwa Vonza atwangaye mahindi ili apike muthokoi, atumia kitu kilichovuka bahari mbili katika siku za merikebu zile zile. Hata meza anayopakulia, na leso ajifungayo, ni maneno yaliyotoka kwa Wareno. Watawala walikwisha kwenda zao, bali mbegu imebaki kwa aliyeilima.

NAMNA YA KUITAZAMA

Atakayekwenda na aende asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, na awachukue watoto walio shuleni. Kiingilio cha wananchi ni kidogo kuliko cha wageni. Akiwa ndani na atazame mambo manne. La kwanza ni jiwe la mlangoni. La pili ni ukuta ambao askari na mabaharia wa Kireno walichora merikebu juu ya chokaa, kama wachoravyo watu waliokumbuka kwao. La tatu ni nyumba ya Omani, iliyo juu ya ukuta. La nne ni vyombo vilivyotoka katika merikebu iliyozama. Kisha apande juu ya buruji iliyo upande wa bahari, atazame mlango wa bandari, na kuwaeleza watoto wake kwamba pembe zilizobebwa na watu wa Kitui zilitokea hapo kwenda Bara Hindi na Ulaya.

Akirudi nyumbani, iko kazi moja iliyosalia. Kwa Vonza, na katika vijiji vyote vya Kitui na Makueni, wangaliko wazee waliosimuliwa habari za misafara, za njaa na za vifungo vya Mombasa na babu zao, waliojua majina ya njia na ya visima. Wareno walichonga majina ya majemadari wao katika jiwe, nayo yamedumu miaka karibu mia nne. Majina ya wachukuzi hayana jiwe. Kijana aliyejifunza kuandika na achukue daftari la senti chache, aketi karibu na mzee siku ya Jumapili, na kumwuliza babu yake alikuwa nani, alipita wapi, na alibeba nini. Nauli ya kazi hiyo si kubwa, na asingoje kiangazi kingine kipite.